Kengeza la mtoto huweza kuzaa chongo

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo la macho ambalo nisingelijua kama lisingenipata mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Asubuhi moja mwaka jana niliketi kazini, nikatunga uzi kwenye sindano bila taabu. Nilipoinua uso kumwitikia mteja mlangoni, nikaona wateja wawili, bega kwa bega, wamevaa shati lilelile. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja: akabaki mmoja. Nikaziba la kushoto: mmoja pia. Nikaacha yote wazi, wakarudi wawili, na kila nilipotupa macho kulia wakazidi kuachana.

Daktari wa macho aliniambia kwamba jaribio lile la kiganja, nililolifanya kwa hofu tu, ndilo ambalo hata yeye huanza nalo. Ukiziba jicho moja na picha ya pili ikatoweka, basi macho hayalengi mahali pamoja. Ikibaki hata ukitazama kwa jicho moja, mara nyingi kasoro imo ndani ya jicho lenyewe, kama vile mtoto wa jicho. Kila jicho huvutwa na misuli 6, nayo huamrishwa na mishipa ya fahamu 3 itokayo kwenye ubongo. Kwangu ulikuwa umelegea ule unaolivuta jicho la kulia kuelekea upande wa sikio, kwa sababu ya kisukari nilichokuwa nacho bila habari. Tukitazama kitu cha karibu, macho yote mawili hugeukia puani, na msuli ule hauna kazi kubwa. Ndiyo maana sindano ilikuwa moja na mteja wawili.

Jicho langu lilirudi baada ya miezi 3 hivi. Lakini anayeanza ghafla kuona viwiliviwili asisubiri kama nilivyosubiri mimi siku nne. Kope ikianguka, kichwa kikiuma vikali au mkono ukilegea, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo, maana huenda ni kiharusi.

Hata hivyo, lililonifanya niandike ni swali nililomwuliza daktari siku ile: mbona mjukuu wangu, ambaye jicho lake la kushoto limeelekea puani tangu ana miaka miwili, hajalalamika hata mara moja kuona viwili? Akanijibu kwamba ubongo wa mtoto mdogo hauvumilii picha mbili, huizima moja. Na jicho linalozimwa miaka ya utotoni hupoteza uwezo wa kuona, ingawa ukilitazama ni zima kabisa.

Nilirudi nyumbani nikamkuta anapanga vifungo sakafuni. Nikamziba jicho la kengeza, akaendelea kupanga. Nikamziba lile zuri, akanisukuma mkono na kulia. Kumbe alikuwa anatumia jicho moja, na sisi wote, mimi nikiwa wa kwanza, tulikuwa tukisema litanyooka akikua.

Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza, kama kwamba kengeza ni jambo dogo la kumsitiri mtu. Kwa mtoto si dogo. Macho ya mtoto mchanga yakitangatanga miezi ya mwanzo, si ajabu. Yakiendelea baada ya miezi 4, apelekwe akapimwe, na mboni ikionekana nyeupe apelekwe haraka zaidi, kwani huenda ni saratani. Wengine hutosha kuvaa miwani, wengine huhitaji upasuaji, ambao daktari mpasuaji Johann Friedrich Dieffenbach aliufanya Berlin tangu 1839. Lakini kisu hunyoosha jicho tu. Kuona hufundishwa kwa kuliziba lile zuri saa kadhaa kila siku, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo inavyokuwa vigumu.

Mhariri, ukurasa wako wa afya ulieleze hili, na walimu wa chekechea wasome.

Mjukuu wangu sasa ana miaka minne. Nimemshonea kifuko cha kitambaa kinachovishwa kwenye kioo kimoja cha miwani yake, na daktari amekikubali. Wiki hii ameniokotea kifungo cheusi kilichoangukia kwenye kitambaa cheusi, kwa jicho la kushoto.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wa siku nyingi