Mizani ikigoma baada ya upasuaji, mgonjwa asihukumiwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito, na kwa sehemu kubwa nawapongeza. Mmeeleza kwamba upasuaji huu hautafutwi kwa ajili ya urembo, kwamba kisukari na shinikizo la damu huweza kutulia, na kwamba mtu atameza vitamini maisha yake yote. Lakini zile picha mbilimbili, ya kabla na ya baada, zimeruka kitu ambacho wengi waliopita njia hiyo wanakijua vizuri: majuma ambayo mizani inagoma. Msomaji anayejiandaa kuingia chumba cha upasuaji atadhani kilo zinashuka moja kwa moja hadi mwisho, na siku zitakapoganda ataamini kuna jambo ameharibu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto ambao wameshakua. Nilifanyiwa ule upasuaji unaoondoa zaidi ya robo tatu ya tumbo na kuacha mfereji mwembamba tu. Mwaka wa pili umeshapita. Udaktari sina, ila nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki muda wa kutosha, na nina masikio.

Mkwamo wa kwanza ulinikuta kabla mwezi haujaisha tangu nitoke wodini. Nilikuwa nakula kwa kijiko cha chai, vitu laini, na nashiba kabla bakuli halijafika nusu. Mizani ikakaa palepale, siku nyingine ikapanda kidogo. Wifi yangu, ambaye ndiye alikuwa akinipikia, akaniuliza: "Wifi, sasa hicho kidogo unachokula ndicho kinachokunenepesha?" Aliuliza kwa mshangao, hapakuwa na kejeli, na ndilo swali nililokuwa nalo mwenyewe.

Nikapiga simu kliniki. Muuguzi akacheka, akasema wengi hukwama karibu na juma la tatu na simu kama yangu amezizoea. Kisha akanieleza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Chakula kikipungua ghafla, akiba hiyo hutumika kwanza na maji yake hutoka nayo, ndiyo maana kilo za mwanzo hudondoka kwa kasi ya kutisha. Baada ya siku kadhaa mwili hujipanga upya, sehemu ya akiba hurudi, na maji hurudi pamoja nayo. Mafuta yanaendelea kuungua wakati wote huo, ila maji yanaificha kazi hiyo kwenye mizani. Mtu anayekula kalori mia chache kwa siku hana cha kujengea mafuta, hata mizani iseme nini.

Maelezo hayo yalichukua dakika mbili. Kwa nini sikupewa kabla ya kutoka wodini, pamoja na karatasi ya dawa na tarehe ya kutoa nyuzi? Juma zima nililala nikijihesabia makosa ambayo sikuyatenda.

Kazi yangu ndiyo iliyonituliza. Fundi haamini macho, anaamini utepe. Nina daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, mkono. Nikajifungulia ukurasa wangu, nikawa najipima mara moja kwa juma, asubuhi, kabla ya kunywa chochote. Mizani ikiwa imelala usingizi, kiuno kiliendelea kupungua, na paja nalo likafuata. Nimeshaona hivyo kwa wateja pia, hasa wanaofanya mazoezi ya nguvu: kilo zilezile, gauni jingine. Ningekuwa na mamlaka, kila anayefanyiwa upasuaji huu angepewa utepe wa kupimia siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani. Ila tahadhari moja ya kifundi: ukijipima, usivute tumbo ndani. Wateja wangu hufanya hivyo kila siku, kisha hurudi kulalamika kwamba nguo inabana.

Kinachonitia hofu zaidi ni ushauri anaopewa mtu mizani ikigoma. Utaambiwa unywe chai ya kusafisha tumbo. Utaambiwa umeze dawa ya kuharisha, ufunge kwa maji matupu, urudi kwenye supu isiyo na kitu kama siku zile za mwanzo. Mwenzetu mmoja wa kliniki alifuata ushauri wa aina hiyo akaishia kuzirai kwenye ngazi. Ukiwa na tumbo la kawaida ni upuuzi. Ukiwa na tumbo lililokatwa ni hatari. Tunaelekezwa kula protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa tumbo dogo hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Ikikosekana, mwili hula misuli yake wenyewe, na misuli ndiyo inayounguza nishati hata ukiwa umekaa. Kwa hiyo anayejinyima ili kuukwamua uzito anajipunguzia kile ambacho kingemsaidia kuupunguza. Nywele, ambazo kwa wengi hukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, nazo huzidi kupukutika.

Na kuna jambo ambalo ningependa mliandike kwa herufi kubwa. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya majuma machache tu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji huu akitapika mfululizo au akiacha kula, B1 inaweza kwisha na ubongo ukaumia: macho yanaona mbilimbili, hatua zinayumba, mawazo yanachanganyika. Hapo hakuna cha kusubiri miadi. Ni kwenda hospitali siku hiyohiyo na kuwaambia kwamba ulipasuliwa tumbo.

Mkwamo wa baadaye ni habari nyingine. Huo huja polepole, kwa wengi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi miaka miwili. Huenda usiondoke kabisa, kwa sababu hapo ndipo mwili unapotua. Mwili wa kilo 85 hautumii nishati sawa na uliokuwa na kilo 120; hata kupanda ngazi zilezile kunagharimu nishati pungufu, na hata ukipumzika matumizi hupungua, maana mwili uliopungua hujifunza ubahili. Njaa nayo hurudi. Sehemu ya tumbo iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, na ndiyo maana miezi ya mwanzo nilikuwa nakumbushwa kula. Siku hizi sikumbushwi na mtu.

Hapa ndipo nadhani tunadanganyana sana. Mgonjwa anajipima kwa ndoto, kwa uzito wa siku ya harusi yake au ule uliobandikwa kwenye chati ya ukutani. Daktari anapima kwa kilichopungua kutoka pale alipoanzia. Kwa aina ya upasuaji niliofanyiwa, wastani ni kama robo ya uzito wa mwanzo. Kwa ile baipasi, ambapo tumbo hubakizwa kifuko kidogo na kuunganishwa na utumbo mwembamba, ni kama asilimia 30. Piga hesabu. Aliyeanza na kilo 140 akipoteza robo, anabaki na kilo 105. Majirani watamwona bado mnene, na mmoja atamwuliza kama pesa zake zimeliwa bure. Lakini magoti yake, sukari yake na usingizi wake vitatoa jibu tofauti.

Kuna utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 chini ya Lars Sjöström, uliowafuatilia wanene waliopasuliwa na wengine wasiopasuliwa kwa miaka mingi. Waliopasuliwa walifika chini kabisa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, kisha wakarudisha kiasi. Baada ya miaka 10, waliofanyiwa baipasi walikuwa bado chini kwa takriban asilimia 25 ya uzito wao wa awali. Na vifo vilikuwa vichache katika kundi la waliopasuliwa. Watu hao walikwama, wakapanda kidogo, na bado upasuaji uliwasaidia kuishi. Hilo ningependa kuliona kwenye gazeti lenu kuliko picha ya mtu anayevuta suruali yake ya zamani mbele ya kiuno. Yangu nilishaikata, nikashona mikoba miwili.

Sisemi kila mkwamo ni wa kukunja mikono. Mtaalamu wa lishe alinitaka niandike kila kinachoingia mdomoni, na kazi yangu ni ya kukaa, yenye meza iliyojaa vitu vidogovidogo. Alichonifundisha ni kwamba tumbo dogo lina mlango wa nyuma. Juisi, maziwa matamu, aiskrimu na biskuti zinazomomonyoka hupita bila kulijaza, na mtu anaweza kudonoa kutwa nzima pasipo kuhisi kwamba amekula. Samaki, mayai, kunde na nyama laini hukaa. Ukinywa maji katikati ya chakula, shibe hutoweka mapema, ndiyo sababu tunaambiwa tusubiri kama nusu saa baada ya kula. Pombe ina kalori zake, na kwa aliyefanyiwa baipasi hufika kwenye damu haraka sana na huleta ulevi wa ghafla. Wapo waliotoka kwenye utumwa wa chakula wakaingia kwenye utumwa wa pombe.

Dawa nazo ziulizwe. Insulini, steroidi na baadhi ya dawa za sonona huweza kuongeza uzito. Asiache mtu dawa yake kwa kichwa chake, aende nazo zote kwa daktari aulize kama kuna mbadala. Tezi ya shingo inaweza kuwa imelegea. Na zile kilo moja au mbili zinazocheza juu na chini zina majina ya kawaida kabisa: hedhi, chumvi, choo kigumu, ambacho kwa sisi tunaokula kidogo ni mgeni wa mara kwa mara. Mimi nilichoongeza ni kusimama na kukaa kwenye kiti changu cha cherehani, bila kujishika, hadi mapaja yawake moto, kila ninapomaliza nguo moja. Wateja walidhani kiti kina kunguni.

Nimefika kwenye linaloniuma. Watu wengi hupotea kliniki wakati hasa wanapokwama. Nawajua kwa sura; tulianza pamoja, tukabadilishana namba, na mizani yao iliposimama wakaacha kuja. Mmoja aliniambia waziwazi: "Dada, niende nikasemwe?" Na kweli anasemwa. Mizani ya kliniki yetu ipo kwenye korido. Unapanda mbele ya watu, namba inasomwa kwa sauti, na neno la kwanza kabla ya salamu ni "hujapungua". Mtu aliyesemwa kwa unene tangu shule ya msingi hahitaji kusikia hilo tena kutoka kwa watu aliowakabidhi tumbo lake.

Anayepotea hapimwi damu, hivyo upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12 unamnyemelea bila yeye kujua. Na kama uzito umeanza kurudi kwa kweli, hatajua kwamba kuna msaada. Siku hizi dawa za kupunguza hamu ya kula kama liraglutaidi na semaglutaidi hutumika hata kwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, na wengine huchunguzwa kwa kamera ili kuona kama tumbo au maungio yake yamebadilika. Hayo yote yanaanza na mgonjwa kufika mlangoni bila aibu.

Basi naomba mawili. Kwenu gazetini, mkiandika tena, mtafuteni mtaalamu wa lishe azungumzie mkwamo peke yake, na chini ya kila picha mwandike ilipigwa miezi mingapi baada ya upasuaji. Kwa wakuu wa kliniki, ingizeni mizani chumbani na mfunge mlango. Mwulizeni mgonjwa kwanza anakula nini, anatapika, analala vipi, anameza dawa gani, ndipo apande. Na miadi ya mwaka wa pili na wa tatu iandikwe kwenye kadi siku ileile anayotoka wodini, ili asije akafikiri kwamba anarudi kwa kuwa ameshindwa.

Wenu msomaji,
Fundi cherehani
(Jina na anwani mnavyo)