Kabla Hujaenda Mahakamani

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Baba yako anaendelea na dawa, na mvua zimeanza vizuri. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umesema umeshaamua kudai talaka, basi sikuandikii kukurudisha wala kukusukuma. Ila mama yako nimekaa masijala ya mahakama ya mwanzo mpaka nikastaafu, na nimeona wanawake wengi wenye haki yao wakirudishwa dirishani kwa sababu walianzia mwisho.

Kile kikao cha Jumapili, ambapo shemeji zako waliandika karatasi ya "kuachana" mkatia sahihi, hakijavunja kitu. Kisheria bado wewe ni mke wa mtu. Huku Tanzania Bara, ndoa iwe ya kanisani, msikitini, bomani au ya kimila, talaka yake inatolewa na mahakama, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mambo ya kanisa utayaongea na paroko kwa wakati wake. Ile ni njia nyingine kabisa. Na usitie sahihi karatasi nyingine yoyote wanayokuletea, hasa yenye neno nyumba ndani yake.

Unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Uliza ofisi ya kata au afisa ustawi wa jamii wakuelekeze lilipo. Wazee wa kanisa wakikuambia mmalizane kwao, waulize kwanza kama baraza lao linatambuliwa kisheria, maana si kila kamati inaweza kutoa hati inayopokelewa mahakamani. Baraza litawaita wote wawili. Likishindwa kuwapatanisha, litatoa hati ya kusema hivyo. Mumeo akiitwa akakataa kufika makusudi, usikate tamaa, sheria imeliona hilo na haikufungii mlango. Hata aliyetelekezwa asijue mwenzake yuko wapi halazimiki kupita barazani.

Hati ukishaipata, usiiweke kabatini. Iwe haijazidi miezi sita unapofungua shauri. Nakumbuka mama mmoja aliifungua kutoka kwenye pindo la kanga, mhuri unasomeka vizuri kabisa, ila tarehe ilikuwa imepita. Alikuwa anasubiri mume abadilike. Ilibidi aanze upya.

Shauri unaweza kulifungua mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au hata Mahakama Kuu. Mimi ningekwenda ya mwanzo: unaongea Kiswahili chako, hulazimiki kuwa na wakili. Kile kizuizi cha kuomba talaka ndoa ikiwa haijafikisha miaka miwili hakikuhusu, yenu imeshapita. Utakachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ukisema "hatuelewani" ukanyamaza, hakimu hana pa kushika. Eleza ukatili kwa tarehe. Ile PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ya siku uliyokwenda hospitali unayo bado? Jirani aliyekufungulia mlango usiku ule atakubali kusimama? Jumbe zake za matusi usizifute, hata kama zinakuumiza kuziona.

Sasa nyumba. Najua wanakuambia hati ina jina lake peke yake na wewe hukuwa na mshahara. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, jambo linaloniuma mpaka leo, lakini wangapi wamepata kwa mgongo wake! Basi tafuta risiti za saruji na mabati ulizolipa kwa pesa ya genge, na miamala ya simu uliyomtumia fundi. Kugawana nusu kwa nusu si lazima. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, hivyo kila karatasi ina uzito. Kingine, hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa yako. Ukisikia dalali anapitapita, wahi kuweka zuio kwa msajili wa hati.

Watoto usiwatumie kama fimbo, na usikubali wakutishe nao. Mahakama inaangalia ustawi wao kwanza. Mdogo hajafika miaka saba, na sheria inachukulia kwamba wa umri huo ni vizuri awe na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kuonyesha vinginevyo. Mkubwa anaweza kuulizwa anataka nini. Matunzo yaombe humo humo kwenye shauri, usiyaache ya baadaye. Ada za shule ziorodheshe, na dawa za pumu za mtoto.

Cheti chako cha ndoa kiko kwangu, kwenye sanduku la baba yako. Nimekitolea nakala mbili. Dada yako anakuja huko Ijumaa, atakuletea nakala. Halisi nitabaki nayo mpaka utakaponiambia tarehe ya kufungua shauri. Mpe yeye risiti za saruji arudi nazo.

Mama yako