"Kwangu inafanya kazi": lete modi yako tuijaribu kabla hujaitangaza

Sentensi tunayoisikia kuliko zote hapa dukani Moshi ni hii: "Kaka, mbona kwangu inafanya kazi?" Anayeisema ni kijana aliyekesha miezi akitengeneza modi ya gemu ya mikakati. Ameizipu, ameirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yameanza kurudi: haifunguki, gemu inajifunga, naona maandishi ya ajabu tu. Anakuja na laptop kwapani, anaiwasha mbele yetu, na kweli, kwake inacheza bila shida yoyote.

Haya tumeyaona mara nyingi mno, ndiyo maana mwaka huu tumeyafanyia huduma. Hatukutengenezei modi, hiyo ni kazi yako na tunaiheshimu. Sisi tunaipokea kama mtu asiyekujua, tunaiweka kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona, tunakuonyesha inapokwama, kisha tunakaa nawe kuandika tangazo lake.

Kwa mzazi anayesoma hapa kwa sababu mtoto amemwomba nauli: modi ni nyongeza au mabadiliko ambayo mchezaji anaitengenezea gemu iliyokwisha kutoka. Anaweza kuongeza taifa jipya, ramani, majengo, au kubadilisha lugha na kanuni za vita. Si kupoteza muda. Age of Empires II ilitoka mwaka 1999. Miaka mingi baadaye mashabiki walitengeneza nyongeza yao wenyewe, ikapendwa, na mwaka 2013 ikatolewa rasmi kama sehemu ya gemu. Warcraft III ya mwaka 2002 ilikuja na zana za kutengenezea ramani, na kwa zana hizo mashabiki wakatengeneza ramani iliyoitwa DotA. Ramani hiyo ilipita mikononi mwa watengenezaji kadhaa, mmoja akiachia mwingine akipokea, mpaka ikazaa gemu kamili, Dota 2. Na anayedhani Kiswahili hakina nafasi huko, afungue Civilization IV ya mwaka 2005: wimbo wa kufungulia gemu ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Ulitungwa na Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Sisi tunatamani na maandishi ya ndani yasomeke kwa Kiswahili, na modi ndiyo njia tuliyo nayo mkononi.

Sasa, kwa nini inafanya kazi kwako na kwa mwenzako inagoma?

Sababu ya kwanza ndiyo inayotuletea wateja wengi, hasa wa Hearts of Iron IV. Modi ya gemu hiyo ina folda yake, na pembeni ya folda kuna faili dogo linaloishia na .mod. Ndani ya faili hilo mna mstari unaoiambia gemu folda iko wapi. Ukitengeneza modi kwenye mashine yako, mstari huo unaandikwa njia nzima ya mashine yako, kuanzia C:/Users pamoja na jina lako la kuingilia. Ukizipu vyote viwili ukamtumia mwenzako wa Arusha, gemu yake inakwenda kutafuta folda ya mtu ambaye hayupo kwenye kompyuta ile. Haipati kitu, na modi haionekani. Dawa ni kuufupisha mstari uanzie kwenye folda ya mod yenyewe, au kuipandisha modi kwenye Steam Workshop (sehemu ya kugawana modi kwenye duka la gemu la mtandaoni la Steam), ambako kila anayejiunga nayo huandikiwa faili lake upya. Ni kazi ya dakika mbili. Tumewahi kuona mtu amefuta kazi yake yote akaanza upya kwa sababu ya mstari huo mmoja, na iliniuma sana.

Ya pili ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, Ngao.png na ngao.png ni kitu kimoja. Kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, ni vitu viwili tofauti. Ukiandika jina kwa namna moja kwenye faili la maelezo na kwa namna nyingine kwenye picha yenyewe, kwako hutagundua chochote, lakini kwa mtu wa Linux askari wako atatokea bila ngao. Na vijana wengi wenye kompyuta kuukuu wameweka Linux kwa sababu ni nyepesi. Ushauri wetu: majina yote ya mafaili kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati, tangu siku ya kwanza.

Ya tatu ni toleo la gemu. Chukua 0 A.D., gemu ya bure ambayo wateja wetu wengi wanaanzia kwa sababu haihitaji kununuliwa na mafaili yake yako wazi. (Nayo wazo lake lilianza kama modi ya Age of Empires II, kabla haijawa gemu inayojitegemea.) Alfa 26 ilitoka Septemba 2022, Alfa 27 ikafuata Januari 2025. Kila modi ya 0 A.D. ina faili la mod.json linalotaja inategemea toleo gani. Modi iliyoandikiwa 26 ukiiweka kwenye 27, gemu itakataa kuiwasha. Na ukidanganya namba kwenye mod.json bila kurekebisha vilivyomo, itawaka halafu ikuangushe katikati ya vita, jambo ambalo ni baya zaidi. Anayepakua hawezi kuyajua hayo yote usipomwambia.

Kuna na jambo la maandishi, ambalo linawahusu hasa wanaotafsiri kwa Kiswahili. Kwenye Hearts of Iron IV mafaili ya lugha huwa ya .yml, na lazima yahifadhiwe kwa UTF-8 yenye BOM, yaani namna ya kuhifadhi herufi inayoweka alama fupi iliyofichika mwanzoni mwa faili. Ukihifadhi kwa UTF-8 ya kawaida gemu hailisomi faili, na mchezaji anaona majina ya ndani ya programu mahali pa maneno yako matamu. Mteja mmoja alitafsiri mamia ya sentensi akadhani gemu imekataa Kiswahili. Haikukikataa. Tulilifungua faili, tukalihifadhi upya kwa namna inayotakiwa, na Kiswahili chake chote kikajaa kwenye skrini. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti, na wateja wengine wakasogea kusikiliza.

Na mnaocheza wengi kwa pamoja, kumbukeni kuwa gemu hizi hulinganisha mafaili ya kila mchezaji kabla ya kuwaunganisha. Watano mkicheza na mmoja akabaki na toleo la wiki iliyopita, huyo mmoja ataachwa nje au mchezo utatengana katikati. Kwa hiyo kila ukibadilisha kitu, hata kiwe kidogo, pandisha namba ya toleo na uiandike.

Nije kwenye tangazo lenyewe, maana hapo ndipo ninapoona kazi nzuri zinapotelea.

Kuna kijana wa Kibosho anayetengeneza modi ya 0 A.D. kuhusu wamangi, yaani watawala wa Wachaga wa Kilimanjaro, karne ya 19. Ni kazi ya moyo. Ameweka mifongo, yaani mifereji ya maji, inayoongeza mavuno ya mashamba, ameweka vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, ameweka mahandaki ya kujificha watu na mifugo adui akija. Kuna Mangi Sina wa Kibosho na ngome yake, ambayo Wajerumani waliishambulia mwaka 1891. Kuna Mangi Meli wa Old Moshi, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani Juni 1892 na kumuua kamanda wao, von Bülow, na ambaye Wajerumani walikuja kumnyonga mwaka 1900. Ukiucheza mchezo huu hapa, huku mlima wenyewe unauona ukitoka mlangoni, unaelewa kwa nini tunaijali kazi yake.

Tangazo lake la kwanza lilikuwa hivi: "MODI KALI YA WACHAGA IMETOKAAA, SHUSHA HAPA", kiungo, basi. Hakusema ni ya gemu gani, toleo gani, wala ina ukubwa gani. Watu wengi wakapita tu. Waliopakua baadhi yao walikuwa na Age of Empires, wakailalamikia kwamba haiingii.

Tulikaa naye jioni moja tukaandika jingine, na yeye ameturuhusu tulinukuu: "Modi ya 0 A.D. Alfa 27, toleo la 0.2. Inaongeza taifa moja jipya, Wachaga wa karne ya 19, lenye mifongo, vihamba na mahandaki. Haibadilishi mataifa mengine. Ukubwa ni MB 38. Haijakamilika: boma la mangi bado linatumia umbo la jengo la Wakushi, na sauti za askari bado. Kuiondoa, zima modi kwenye orodha kisha futa folda yake. Maumbo ya ngao yametoka kwenye modi ya mwenzangu kwa ruhusa yake. Ukikuta kosa, niambie ulikuwa unafanya nini na unatumia Windows au Linux."

Hakuna sifa hata moja humo, na lilifanya kazi kuliko lile la herufi kubwa. Ukubwa wa faili peke yake ni heshima kwa msomaji, kwa sababu wengi wetu tunapakua kwa bando la simu, na mtu ana haki ya kujua modi yako itamla kiasi gani kabla hajabonyeza. Kusema kilichobaki kuna faida nyingine: watu wameacha kulalamika kuhusu boma na wameanza kumtumia michoro ya boma.

Ongeza picha tatu au nne za skrini. Kwenye 0 A.D. bonyeza F2, kwenye gemu za Steam F12. Chagua picha zinazoonyesha kilicho kipya, si uwanja mtupu.

Kuhusu ngao zile. Mwanzoni alikuwa amezichukua kwenye modi ya mtu mwingine bila kumwambia mtu. Hakuwa na nia mbaya, alidhani kilichoko mtandaoni ni cha wote. Tulimshauri amwandikie mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: tumia, nitaje jina. Ni hivyo tu. Picha na sauti za 0 A.D. zenyewe zimetolewa kwa leseni ya CC BY-SA 3.0, yaani ruksa kuzitumia na kuzibadilisha, mradi utaje wenyewe na kazi yako nayo uitoe kwa masharti yale yale. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wako kwa ajili yake. Inayolinda kazi za wengine ndiyo italinda na yako.

Swali la kuuza tunaulizwa kila wiki. Kampuni nyingi za gemu haziruhusu kuuza modi, soma masharti ya gemu yako. Hata walioruhusiwa walipata taabu: Aprili 2015 Steam ilijaribu modi za kulipia kwenye Skyrim, wachezaji wakawaka, na mpango ukafutwa ndani ya siku chache. Toa bure, jenga jina.

Wapi pa kuiweka? Ipe modi makao mamoja, halafu WhatsApp na kwingine peleka kiungo cha kuelekeza huko. Gemu za Steam zina Workshop. Modi za 0 A.D. zinakwenda kwenye tovuti ya mod.io, na zile zinazoonekana ndani ya gemu yenyewe huwa zimepitiwa na kutiwa sahihi ya kidijiti kwanza. Tovuti ya ModDB inapokea modi za gemu za kila aina. Faili linalozunguka kutoka simu hadi simu halina mwenyewe: ukirekebisha kosa leo, la zamani litaendelea kusambaa na wewe ndiye utakayelaumiwa.

Kitu kimoja hatupokei: modi yenye faili la .exe ndani. Modi za gemu nilizotaja ni maandishi, picha, sauti na maumbo, hazina haja ya programu ya kuendesha. Tukiikuta tunasimama hapo hapo, na flashi yako tunaisafisha bila malipo.

Bei: kujaribu modi kwenye mashine zetu mbili, moja ya Windows na moja ya Linux, ni shilingi 5,000. Kuandika tangazo pamoja nawe, kwa Kiswahili na Kiingereza, ni 5,000 nyingine. Wanafunzi wenye kitambulisho wanalipa nusu. Tuko dakika chache kwa miguu kutoka Mnara wa Saa, Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku. Njoo na folda nzima ya modi, si zipu peke yake, na uwe unajua namba ya toleo la gemu yako.

Jumamosi hii saa nane mchana tunajaribu toleo la 0.3 la modi ya wamangi, na boma jipya limeshaingia. Tunahitaji wachezaji wanne, na angalau mmoja awe hajawahi kuigusa kabisa. Hakuna kiingilio.