Msiwaite malaika, waiteni kwa majina yao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua barua nyingi mnazopokea ni za malalamiko, hata mimi mara ya mwisho kuwaandikia nilikuwa nalalamika, ila leo nimekuja na jingine, la manesi, na nitajitahidi nisizunguke sana ingawa najijua.

Binti yangu ana miaka sita. Mwaka jana alianza kuchoka hovyo, homa inakuja inaondoka, usiku analia miguu inamuuma, mara unamkuta na michubuko ambayo ukimuuliza ulianguka wapi anasema sijaanguka. Sisi wakubwa wenye majibu ya kila kitu tukasema anarefuka huyo. Kumbe. Walipompima damu na baadaye wakamtoa uboho wa mfupa ndo tukaambiwa ni saratani ya damu, lukemia, ile aina inayowapata watoto kuliko saratani nyingine zote, na kwamba inatibika lakini matibabu yake ni safari ya miaka miwili mpaka mitatu. Miezi saba ya mwanzo tuliishi wodini kuliko nyumbani. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda, sijasimuliwa.

Nianze na sindano, manake kwa mtoto mgonjwa dunia yote inaanzia kwenye sindano.

Pale tulipoanzia kabla ya kupewa rufaa (sitapataja, sikuja kugombana na mtu) walimshika watu watatu, mmoja miguu, mmoja kifua, mmoja mkono, huku wanamwambia "haiumi, haiumi". Ikauma. Tangu siku hiyo akiona mtu yeyote mwenye sare anapiga yowe, hata mlinzi wa getini. Tulipofika wodi ya saratani nesi wa kwanza kumhudumia alikuja mikono mitupu. Akakaa chini, sakafuni kabisa, akamuuliza mdoli wako anaitwa nani, naye anaumwa? Wakamfunga mdoli bandeji, wakambandikia kale kamrija ka kanula kasiko na sindano, akaondoka. Siku hiyo hakumgusa mtoto kabisa!

Kesho yake akaja mapema, akampaka dawa ya ganzi kwenye ngozi, akasema tunaisubiri saa nzima la sivyo haina maana. Saa ilipofika akajaza glavu maji ya uvuguvugu akamlaza nayo mkononi ili mshipa utokee, alafu akamuuliza unataka mkono upi. Akamwambia, "Itauma kidogo, kama kubanwa na kibanio cha nguo. Ukisema basi, naacha." Sasa sikiliza Mhariri, ncha ilipokaribia ngozi mtoto akasema basi, na yule sista akaacha. Aliondoa mkono kabisa akaweka sindano pembeni, na wodi imejaa, na wenzake wanamwita, na mimi mwenyewe moyoni nasema jamani si angemalizia tu. Tulikaa kimya kama dakika mbili hivi. Binti yangu akamwangalia, akaangalia mdoli, akautoa mkono mwenyewe.

Tangu hapo kuna siku amelia, amelia sana tu, lakini hajashikwa tena na watu watatu.

Nilikuwa nasema yule nesi ana roho nzuri. Sa hivi sisemi hivyo, au niseme sisemi hivyo tu. Roho nzuri nimezikuta nyingi, hata wale watatu wa mwanzo sidhani walikuwa na roho mbaya, walikuwa hawajui. Kujua dawa ya ganzi inasubiriwa muda gani, kujua kwamba ukimdanganya mtoto mara moja umeharibia manesi wote watakaokuja baada yako, kujua kuacha pale mtoto anaposema basi, huo ni ujuzi kama ujuzi wa kushona kidonda. Na kuna watu waliupigania. Mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga wengi walikuwa wanapasuliwa wakiwa na dawa kidogo sana za maumivu au bila kabisa, kwa sababu madaktari wengi waliamini kichanga hasikii maumivu kama mtu mzima, ikabidi wajitokeze watafiti waonyeshe kwamba anasikia na kwamba akizuiliwa maumivu anatoka salama zaidi kwenye upasuaji. Na huko nyuma zaidi mzazi alikuwa anaruhusiwa kumuona mwanawe masaa machache tu kwa wiki eti asimsumbue, mpaka Uingereza ikatoka ripoti ya kamati mwaka 1959 ikisema wazazi waachiwe waingie na mama aweze kulala na mtoto wake hospitali. Kwa hiyo kile kiti changu cha plastiki nacho kina historia.

Hapo ndo napokuja kwenye kinachonikera. Siku ya Wauguzi Duniani ikifika, tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, yule Mwingereza aliyeweka msingi wa uuguzi wa kisasa, tunasikia hotuba kwamba manesi ni malaika, kazi yao ni wito, na kadhalika, picha zinapigwa, wakubwa wako mstari wa mbele, na yule aliyekesha usiku hayupo kwenye picha kwa sababu amelala au yuko zamu. Nimechoka na neno malaika. Malaika hasinzii wala hapandishwi cheo, hana mtoto wake mwenyewe anayemsubiri nyumbani, hadai malipo ya masaa ya ziada. Ukishamwita mtu malaika umejipa ruhusa ya kutomuuliza umekula, umelala, unajisikiaje.

Nitawaambia kwa nini nasema hivyo. Kitanda cha pili kutoka chetu alikuwepo mtoto wa kiume, mkubwa kidogo kwa binti yangu, walikuwa wanatupiana mpira wa soksi. Ugonjwa wake ulirudi, na mara ya pili haukusikia dawa. Alifariki alfajiri. Pazia lilivutwa lakini pazia la wodi linazuia macho tu, masikio halizuii, nikawa nasikia yule nesi wa usiku anamsafisha na anaongea naye. Kwa jina lake. "Sasa nakufuta uso. Sasa nakugeuza upande huu, tuko na mama hapa." Mtoto alikuwa ameshaondoka, kila mtu pale anajua, ila aliendelea kumwambia kila anachofanya kabla hajakifanya, kama alivyokuwa anamwambia siku zote. Baadaye mama wa yule mtoto aliniambia kwamba katika yote ya siku ile hicho ndicho alichobaki nacho, kwamba mwanawe hakugeuzwa kama mzigo.

Nilipotoka kuchukua maji nikampita yule nesi kwenye chumba cha mashuka. Amesimama ameangalia rafu, anakunja shuka, anakunjua, anakunja ile ile. Nilitaka kusema kitu nikashindwa. Dakika kumi baadaye yuko kitandani kwetu na dawa za asubuhi, uso umeoshwa, anamuuliza binti yangu mdoli ameamkaje.

Nani alimuuliza yeye ameamkaje? Kuna hospitali duniani mtoto akifariki timu nzima inasimama pale pale kitandani dakika moja kimya kabla ya kwenda kwa mgonjwa mwingine, haigharimu chochote. Wataalamu wenyewe wana jina la hali hii, uchovu wa huruma, na haimaanishi kwamba mtu ni mvivu. Inampata yule anayejali, asiyejali haimpati.

Na kama kuna msomaji anasema haya ni mambo ya hisia tu, kinachotibu ni dawa, nimwambie kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana wadogo wapatao 400,000 wanapata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Sababu ni nyingi, kuchelewa kugundua, dawa hakuna, wataalamu wachache, na mojawapo ni familia kuacha matibabu katikati. Hiyo ya mwisho naijua kwa sababu nusura iwe sisi. Mwezi wa tano mtoto alikuwa anaonekana mzima, nywele zimeanza kuota, kazini nimeshapewa onyo, hela imekata, tukaambizana na mama yake tupumzike kidogo, amepona huyu. Hatukwenda siku ya kliniki. Jioni simu ikaita, sista wa kliniki. Hakugomba. Akasema, "Baba, leo sijawaona, nini kimetokea?" Nikaanza kumpa uongo wa gari, katikati ya uongo nikajikuta namwambia ukweli wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akanieleza taratibu kwamba seli mbaya zinaweza kubaki chache sana hata kipimo hakizioni, na hizo chache ndizo zinazorudi, ndo maana dawa zinaendelea mtoto akiwa anacheza. Akasema kesho saa mbili nawasubiri, na la hela njoo tumuone mtu wa ustawi wa jamii pamoja. Pamoja, alisema hivyo, na kweli tulikwenda naye. Haya niambieni, ile simu ni hisia au ni tiba?

Wapo wakali pia, nisijifanye sijawaona. Mmoja alinifokea mbele ya watu kwa sababu niliingia sijanawa mikono, nikanuna siku nzima, mpaka dokta aliponieleza kwamba dawa zilikuwa zimeshusha seli nyeupe za mtoto karibu sifuri na mafua yangu madogo yangeweza kumlaza mahututi. Yule mkali naye alikuwa anamhurumia mwanangu, mimi hakunihurumia. Nimekaribia kumsamehe.

Sasa ombi langu. Marekani kuna familia moja, ya kijana aliyeitwa Patrick Barnes, alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 33, na pamoja na msiba wao wakaona wawashukuru manesi waliomhudumia, wakaanzisha tuzo inayoitwa DAISY ambayo leo iko kwenye maelfu ya hospitali nchi nyingi. Ninachokipenda pale ni kwamba mgonjwa au ndugu anaandika kisa chenyewe, huyu alinifanyia hivi siku fulani, haandiki "huduma nzuri sana Mungu awabariki". Sisemi tuige kila kitu. Nasema gazeti lenu litenge kikona kidogo kila wiki, hata maneno mia moja, mzazi aandike nani, lini, alifanya nini, na mhusika awe amekubali kutajwa. Na hospitali ziwe na utaratibu barua kama hizo ziingie kwenye faili la mtumishi, pale pale yanapoingia malalamiko, na zisomwe siku ya kupandisha vyeo. Malalamiko tunayahesabu vizuri sana sisi, sijui kwa nini shukrani inabaki hewani kwenye korido.

Kuna mtu atasema itakuwa upendeleo, watumishi wataanza kuomba barua kama wanavyoomba wengine chai. Inawezekana. Ndo maana nasema mtu aandike akishatoka hospitali, na isiandamane na zawadi wala bahasha. Mimi nimeshaanza, barua mbili nimempelekea metroni kwa mkono wangu, ya yule wa sindano na ya yule wa usiku, ya sista wa simu naimalizia. Majina yao hapa sijaweka kwa sababu sijawaomba ruhusa.

Ila ya nne imenishinda. Kuna mama wa usafi kwenye ile wodi. Binti yangu alikuwa amefanya uvungu wa kitanda kuwa nyumba yake na mdoli, na yule mama kila asubuhi kabla hajapitisha mopu alikuwa anagonga chuma cha kitanda mara mbili anasema hodi, anasubiri mpaka aambiwe karibu, akiambiwa subiri anakwenda kitanda kingine alafu anarudi. Miezi saba, hajaingia bila hodi hata siku moja, kwenye jengo ambalo kila mtu anamfunua mtoto shuka bila kuuliza. Mpaka leo binti yangu tukienda kliniki anayetaka kumuona kwanza ni yeye, madaktari baadaye. Nimekaa na kalamu kumwandikia barua yake ndo nikagundua kwamba jina lake silijui, sikuwahi kumuuliza. Kliniki yetu ni Alhamisi. Nitakwenda mapema kabla hajamaliza zamu.

Mimi,
Mzazi wa wodi ya watoto