Tusome unabii wa Biblia kwa utaratibu

Mhariri,

Kila vita vikizuka ng'ambo au serikali ikitangaza kitambulisho kipya, simu za watu hapa Mombasa hujaa sauti za wafasiri wa unabii: mnyama ni nani, pembe kumi ni mataifa gani, imebaki miaka mingapi. Mwaka 2019, usajili wa kitambulisho cha Huduma Namba ulipoanza, wako Wakristo waliogoma kujiandikisha wakiihofia 666, namba ya mnyama wa Ufunuo 13. Mwaka 2023, hapo jirani Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya waumini wa mafundisho ya siku za mwisho na watoto wao. Wengi walikufa kwa njaa. Mambo haya hatuwezi kuwaachia wasomi wa vyuoni peke yao.

Wako pia waliokimbilia upande wa pili. Danieli, Ezekieli na Ufunuo wamevifunga kabisa, wanasoma Zaburi na nyaraka za Paulo basi. Nao wanajinyima. Picha za unabii zinaweza kumlisha mtu mmoja mmoja rohoni, katika maisha yake ya wiki hii, lakini kufika huko kuna hatua zake, na anayeziruka huishia ama kwenye hofu ama kwenye uzushi.

Mfano mzuri, ambao hata jirani zetu Waislamu wanaujua, ni Yusufu na ndoto ya mfalme wa Misri. Ng'ombe saba wanono, saba waliokonda. Yusufu anaeleza kuwa ng'ombe saba ni miaka saba, halafu hanyamazi. Katika Mwanzo 41 anaendelea hadi ghalani: sehemu ya tano ya mazao iwekwe akiba katika miaka ya shibe. Ndoto ikaisha kwa kazi ya kupima nafaka. Ufasiri unaokuacha na msisimko tu, bila kazi ya kufanya, haujafika alipofika Yusufu.

Chukua daftari la kawaida la mistari, ufungue kurasa mbili zinazotazamana. Soma sura nzima kwa sauti mara mbili, pamoja na mistari michache ya sura inayotangulia na inayofuata, kwa kuwa mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya waandishi kufa. Ukurasa wa kushoto andika kila picha unayokutana nayo: mnyama, maji, nguo, namba, rangi, mahali. Usifasiri chochote bado. Ukurasa wa kulia andika yale tu ambayo Biblia yenyewe imeyafasiri. Katika Ufunuo 1:20 nyota saba ni malaika wa makanisa saba, na vinara saba ni makanisa yenyewe. Katika 5:8 manukato ni maombi ya watakatifu. Katika 12:9 joka ni Ibilisi. Katika 17:15 maji ni jamaa na makutano na mataifa na lugha. Danieli 8:20-21 inataja waziwazi: kondoo mume ni wafalme wa Umedi na Uajemi, beberu ni mfalme wa Uyunani. Na ile mifupa mikavu ya Ezekieli 37, mstari wa 11 unasema ni nyumba yote ya Israeli.

Ukurasa wa kulia utabaki na nafasi nyingi tupu. Ziache hivyo hivyo. Makosa mengi huanzia hapo, pale mtu anapoona haya kuacha nafasi wazi, akaijaza kwa taarifa ya habari ya saa moja.

Hatua inayofuata ni kuuliza waliosikia kwanza walikuwa katika hali gani. Laodikia ni mfano unaojulikana vibaya: katika Ufunuo 3:15-16 Kristo analiambia kanisa la mji huo kwamba si baridi wala si moto bali ni vuguvugu, na heri lingekuwa baridi au moto. Huhubiriwa kwamba moto ni mwamini mwenye bidii, baridi ni mpagani, na vuguvugu ni mnafiki wa katikati. Lakini je, Kristo angependa mtu awe mpagani? Tazama mji wenyewe ulivyokuwa. Jirani yake Hierapoli ulikuwa na chemchemi za maji ya moto, ambayo watu waliyaendea kwa matibabu. Jirani mwingine, Kolosai, ulikuwa na maji ya baridi ya kunywa. Laodikia yenyewe ilivuta maji yake kwa mfereji kutoka mbali. Ukiyajua hayo, moto na baridi vyote viwili vina faida. Sisi watu wa Mji wa Kale hatuhitaji mwalimu hapo: kahawa chungu hunywewa ya moto, na dafu hunywewa la baridi. Kahawa iliyopoa kwenye kikombe haimfai mgonjwa wala mwenye kiu. Mji huo pia ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 60 BK, ukajijenga upya kwa fedha zake bila kuomba msaada Roma. Sasa soma tena 3:17, pale kanisa linaposema ni tajiri wala halina haja ya kitu. Swali linalomrudia msomaji linakuwa kali kuliko lile la bidii: mimi namfaa nani, na ni msaada gani ninaoukataa kwa sababu nimezoea kujitosheleza?

Hapo ndipo hatua ya mwisho inapoingia. Andika sentensi moja ya kumwambia Mungu, na jambo moja la kufanya kabla wiki haijaisha. Ukiandika mambo matano hutafanya hata moja.

Sura ninayotamani kila Mkristo wa pwani aipitie hivi ni Ezekieli 47. Nabii huyo alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka hadi Babeli. Maono haya yanaanzia sura ya 40, yenye tarehe: mwaka wa 25 wa uhamisho wao, wa 14 tangu mji kupigwa. Maana yake hekalu analoonyeshwa halikuwepo. La Yerusalemu lilikuwa majivu. Na chini ya kizingiti cha nyumba isiyokuwepo, maji yanatoka. Mtu mwenye kamba ya kupimia anapima dhiraa elfu, maji yanafika kwenye vifundo vya miguu. Elfu nyingine, magotini. Elfu nyingine, viunoni. Elfu ya nne, mto usiovukika ila kwa kuogelea. Dhiraa ya Ezekieli ni ile ndefu, yenye nyongeza ya upana wa kiganja, kama sentimita 52, kwa hiyo safari yote ni kilomita 2 hivi. Hakuna kijito kinachotajwa kuongeza maji njiani.

Mahubiri mengi hugeuza vipimo hivyo kuwa ngazi ya vyeo: vifundo ni wokovu, magoti ni maombi, viuno ni huduma, kuogelea ni upako mkuu. Sura haisemi hivyo popote. Ufasiri huo umewaumiza watu, kwa sababu daima kuna mtu wa kukuambia wewe bado uko kwenye vifundo. Kinachopimwa ni maji. Ezekieli ni yule yule tangu mwanzo, anavushwa tu.

Tafuta badala yake maji yanaelekea wapi, kwa kuwa hilo limeandikwa. Yanashuka bonde la Araba hadi Bahari ya Chumvi, ambayo chumvi yake ni karibu mara kumi ya bahari yetu na haina samaki. Halafu mstari wa 10: wavuvi wamesimama kutoka En-gedi hadi En-eglaimu, na nyavu zimetandazwa. Mvuvi wa Mtwapa au Shimoni hashangai kuona nyavu zimeanikwa pwani. Msikilizaji wa Ezekieli angeshtuka, maana pale hapakuwa na hata dagaa. Picha hiyo haitumii neno tumaini hata mara moja, inaonyesha nyavu tu.

Mstari wa 11 huwa unarukwa. Matope na madimbwi ya kando hayaponi, yanaachwa yawe ya chumvi. Wako wanaouona kama hukumu, na wako wanaouona kama fadhila, kwa kuwa Walawi 2:13 inataka chumvi katika kila sadaka. Andika yote mawili. Aliyepita kwenye mikoko ya Tudor au Mikindani maji yakipwa ameona madimbwi yaliyokatika kutoka kwa mkondo. Kule Gongoni na Marereni hiyo ndiyo kazi yenyewe: maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa, yakazuiwa, jua likayakausha hadi chumvi ikabaki. Maji ni yale yale ya bahari, ila yamezuiwa yasirudi. (Mikoko yetu haithibitishi neno la Ezekieli. Inatusaidia kuona tu, na tofauti hiyo tuishike.) Swali la kwenda nalo kwenye maombi ni hili: ni sehemu gani ya maisha yangu nimeizuia, mkondo usiifikie? Kwa mmoja ni ndugu wa tumbo moja ambaye hawajasemezana tangu mirathi igawanywe. Kwa mwingine ni daftari la hesabu za duka ambalo mkewe hajawahi kuliona. Jambo la wiki hiyo linajiandika lenyewe.

Kisha fungua Ufunuo 22. Yohana ameuchukua mto huo huo, na miti yenye kuzaa kila mwezi, na majani ya kuponya. Nabii akiazima picha kwa nabii mwenzake, angalia alichobadilisha. Kwa Ezekieli maji yalitoka hekaluni. Yohana amekwisha sema katika 21:22 kwamba hakuona hekalu ndani ya mji, na mto unatoka katika kiti cha enzi cha Mungu na cha Mwana-Kondoo. Majani nayo yamekuwa ya kuponya mataifa.

Sasa 666, kwa kuwa nisipoitaja nitaulizwa. Katika Kiebrania kila herufi ni namba pia. Jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi hizo linakuwa 50, 200, 6, 50, halafu 100, 60, 200. Jumlisha. Ukiondoa ile 50 ya mwisho wa jina Neroni unapata 616, na ziko nakala za kale za Ufunuo zenye 616 hasa. Ndiyo sababu wanazuoni wengi wanaona waumini wa jimbo la Asia la Kirumi walitajiwa mtawala waliyemjua. Kitambulisho cha Kenya hakikuwa akilini mwao.

Lakini picha yenyewe bado inamsemesha msomaji wa leo. Chapa inawekwa kwenye mkono wa kuume au kwenye kipaji cha uso. Kumbukumbu la Torati 6:8 iliwaagiza Waisraeli wayafunge maneno ya Mungu mkononi na katikati ya macho, yaani kazi na mawazo yawe yake. Mnyama anaiga. Na usiishie 13:18, kwa kuwa mstari unaofuata, 14:1, unaonyesha watu 144,000 wenye jina la Baba limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao. Wanaohubiri chapa na kufunga Biblia hapo wameacha nusu ya picha, na nusu waliyoiacha ndiyo yenye faraja. Hoja ni nani mwenye mikono yangu saa nne za asubuhi kazini, na nani mwenye mawazo yangu usiku. Msajili wa watu hawezi kukujibia hilo.

Kuhusu kupanga tarehe ya mwisho wa dunia nitasema machache. Tarehe 22 Oktoba 1844 maelfu ya watu Marekani walimngoja Kristo kwa hesabu waliyoitoa Danieli 8:14, asije, pakapambazuka. Mwaka huo huo mmisionari Krapf alikuwa hapa Mvita akianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Mnaosoma kwa kikundi, muwe wanne hadi wanane, saa moja, na sharti moja lisivunjwe: kila mtu aeleze picha inamwambia nini yeye. Asiseme "Bwana amenionyesha kwamba wewe ndiwe Yezebeli". Maana ya binafsi inapoelekezwa kwa mwingine huwa silaha. Aliyefiwa au aliyejaa hofu asianze na wanyama. Mpeni Ezekieli 37 au Ufunuo 21:1-5. Mkiona mtu halali, au ameacha kula, au anasema ameamriwa asinywe maji, au anawafungisha watoto saumu, lisimamisheni somo, waiteni jamaa zake na mumfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna picha hata moja katika vitabu hivi inayoamuru mtoto anyimwe chakula.

Ombi langu kwa makanisa ya Mombasa ni kutenga wiki saba baada ya ibada, bila mabango wala mgeni kutoka mbali: Mwanzo 41, Danieli 2, Ezekieli 37, Ezekieli 47, Ufunuo 3, Ufunuo 5, kisha Ufunuo 21 na 22 pamoja. Ya tano katika Ufunuo msiiharakishe. Yohana anasikia habari za Simba wa kabila la Yuda, anageuka kutazama, anaona Mwana-Kondoo kama aliyechinjwa. Mkae hapo wiki nzima ikibidi, kabla hamjagusa mnyama yeyote. Sura ya 13 iwekwe wiki ya nane, na isomwe kwa kikao kimoja na sura ya 14.

Mwalimu wa somo la Biblia,
Kisauni, Mombasa