Kwa wazazi na walezi wa mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze

Wanangu, hamjambo.

Watafiti wanafika mwaloni, mara wa kichocho, mara wa malaria, na fomu zao. Mama yuko kwenye chanja anageuza dagaa, mikono imejaa magamba. Anaitwa, anaambiwa aweke dole gumba hapa, anaweka, anakimbilia jua lisimwachie dagaa wabichi. Mwanawe anatolewa damu. Jioni ukimuuliza ile damu ni ya nini: "Si wamesema ya vipimo?"

Hiyo si ridhaa, wanangu. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, Kiswahili, Kisukuma au Kikerewe: wanatafuta nini, kuna madhara gani, damu itapelekwa wapi, na kwamba anaweza kukataa, au kujitoa katikati, asinyimwe matibabu yake. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa mradi, ndipo aweke dole. Nakala abaki nayo.

Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya", kumbe walikuwa wakitazamwa tu. Penisilini ilipopatikana hawakupewa. Na wale walikuwa watu wazima, timamu. Itakuwaje kwa mtoto wa miaka 4, au bibi aliyeanza kusahau majina ya wajukuu?

Anayesaini kwa niaba ya hao amekuwa mlinzi wao. Sabuni na nauli anavyopewa na watafiti visimfumbe macho. Mtoto mkubwa, tuseme wa miaka 12, naye aelezwe. Akitikisa kichwa kukataa mwacheni, hata kama mmeshasaini. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wetu tumezoea kumkaripia.

Wenyeviti wa mitaa na walimu, nanyi sikilizeni: kuwaruhusu watafiti waingie mtaani au darasani si kukubali kwa niaba ya mtoto wa mwenzenu.

Sisemi muwakimbie. Tiba nyingi tunazotumia zilipimwa kwanza kwa watu waliokubali. Na dawa za kichocho za shuleni ni tiba, msizikatae. Watoto wale chakula kwanza ndipo wameze.

Wakija tena, ulizeni kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Jina na simu ya mtu wa kumlalamikia huandikwa kwenye fomu. Msipoviona, msiweke dole.

Mzee wenu,
Kirumba, Mwanza