Kusikiliza redio kwenye gari la haibridi bila kuua betri

Simu za Jumatatu asubuhi hapa gereji kwetu Nyakato, Mwanza, zinafanana. Gari ni haibridi ya kuchomeka, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na betri kubwa unayoichaji kwa kuchomeka kwenye umeme: Prius PHV au Outlander PHEV. Jana mwenyewe aliliegesha mahali penye upepo, Capri Point au Bwiru, au alikuwa kwenye foleni ya pantoni pale Kamanga, akafungulia redio asikilize mpira. Leo anabonyeza swichi, taa zote za dashibodi zinapepesa kwa pamoja, rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinalia tak-tak-tak kwa ndani, kisha kimya. Wengine hata mlango haufunguki. Na swali la kwanza huwa: "Fundi, betri ya haibridi ndiyo imekufa?"

Mara nyingi sana jibu ni hapana. Betri kubwa ni nzima na imejaa chaji. Iliyoisha ni ile ndogo ya volti 12, na imemalizwa na redio. Tunaliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu tunapokea wateja ambao wameshaambiwa kwingine kwamba watafute betri kubwa nyingine, kitu cha mamilioni ya shilingi, wakati tatizo lao ni betri ndogo, na pengine ni waya mmoja tu nyuma ya redio. Mtu asiuze ng'ombe kwa kosa la waya.

Tuanze na jinsi gari lenyewe linavyofanya kazi. Haibridi ya kuchomeka ina betri mbili. Kubwa ndiyo inayozungusha matairi: Prius PHV ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2012, ina betri ya kilowati-saa 4.4, ya toleo la pili, ya mwaka 2017, ina 8.8, Outlander PHEV za mwanzo, za mwaka 2013, zina 12. Umeme wake ni wa volti 200 na zaidi, na kwenye Outlander unafika 300. Huo si umeme wa kuchezea redio. Redio, taa, loki za milango, kompyuta zote na hata swichi ya kuwashia vinakula kwenye betri ndogo ya volti 12, sawa na gari lingine lolote.

Tofauti iko kwenye namna hiyo ndogo inavyojazwa. Haibridi hizi hazina oltaneta, ile dainamo ya injini inayochaji betri. Kuna kifaa kinachoitwa DC-DC ambacho kinachukua umeme mkali wa betri kubwa, kinaushusha hadi volti 14 hivi na kuilisha betri ndogo. Ukiwa barabarani, kifaa hicho kinafanya kazi pale tu gari linapokuwa READY, yaani limewaka na liko tayari kuondoka. Na ili betri kubwa iunganishwe na gari, kuna rilei nzito zinazofungwa kwa umeme wa betri ndogo. Kwa hiyo betri kubwa ni ghala lililojaa mahindi, na betri ndogo ndiyo ufunguo wake. Ufunguo ukipotea utalala njaa mlangoni mwa ghala lako mwenyewe.

Sasa angalia swichi. Ukiibonyeza mara moja bila kukanyaga breki, gari linaingia ACC: redio inaimba. Ukibonyeza tena linaingia ON: feni, kioo na kompyuta nyingi zinaamka. Katika hali zote mbili DC-DC imelala, kila kitu kinanyonya betri ndogo na hakuna kinachorudishwa. Ukikanyaga breki ukabonyeza, neno READY linatokea kwenye dashibodi. Hapo tu ndipo betri kubwa inailisha ndogo.

Betri ndogo ya Prius ina ampea-saa kama 45 ikiwa mpya, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa 45. Tuseme uko ON, redio na feni vinavuta ampea 10. Kwenye karatasi hiyo ni saa nne na nusu, lakini betri iliyokaa miaka mitatu haina tena ampea-saa 45, na kompyuta za gari huanza kulalamika kabla haijafika nusu. Hesabu saa mbili, kwa bahati. Mechi ya Simba na Yanga peke yake, ukiweka mapumziko na dakika za majeruhi, inakaribia hizo saa mbili, na hakuna shabiki anayefungua redio mpira ukiwa umeshaanza. Uchambuzi nao unataka saa yake. ACC inakula kidogo kuliko ON, na Toyota nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika 20 hivi zikiwa ACC. Watu wanaliona hilo kama usumbufu, wanabonyeza tena, na tena. Gari lilikuwa linajaribu kukulinda.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayetaka kukaa na redio muda mrefu ni mmoja: liweke gari READY. Tunajua wengi wanaogopa kwamba READY ni kuchoma mafuta. Kwenye haibridi ya kuchomeka yenye chaji, injini hubaki kimya. Redio, kompyuta na taa ndogo, tuseme vinakula wati 300 kwa pamoja. Ukitumia nusu tu ya betri ya kilowati-saa 8.8, utasikiliza zaidi ya saa 14. Ukiwasha AC hesabu inabadilika, kwa sababu kompresa inaweza kula kilowati nzima au zaidi. Hapo nusu hiyo inakupa saa tatu na kitu. Bado ni mechi nzima pamoja na ubishi wa baada ya mechi.

READY ina masharti yake, na haya tunaomba uyashike. Gari liwe kwenye P na hendibreki juu. Usiliache kwenye N, maana kwenye Toyota betri kubwa haiwezi kuchajiwa ikiwa N, na itashuka hadi gari ligome. Usikae READY ndani ya banda lililofungwa: chaji ikipungua injini itajiwasha yenyewe bila kukuuliza, na moshi wa eksozi hauna huruma kwa mtu aliyesinzia. Na usimwachie mtoto gari lililo READY ukashuka kununua samaki. Halina mngurumo, linaonekana limezimwa, lakini akigusa gia na kukanyaga pedeli linaondoka.

Ukiwa nyumbani, Prius PHV ya toleo la pili ina kitu Toyota wanachokiita My Room Mode: gari likiwa limechomekwa kwenye chaji, unaweza kutumia AC na redio kwa umeme wa nyumba. Kwenye magari yaliyotoka Japani menyu hiyo imeandikwa Kijapani na wengi hawajui kama ipo. Lete tukuonyeshe. Ila kebo ya chaji iliyokuja na gari kutoka Japani, kwenye umeme wa volti 100, usiichomeke kwenye soketi yetu ya volti 230 kabla haijakaguliwa.

Hadi hapa tumezungumzia aliyesahau au asiyejua. Kuna kundi la pili, nao ndio wanaotuumiza kichwa zaidi: wale ambao hawakusikiliza redio kabisa, gari limekaa siku chache, na bado limekufa. Hapa mara nyingi mkosaji ni redio ileile, tena ikiwa imezimwa.

Chanzo chake kiko Japani. Redio ya FM ya kule imepangwa kwa masafa ya kuanzia 76 hadi 90, za karibuni hadi 95. Sisi huku stesheni zinakwenda hadi 108. Gari likifika Mwanza linapata stesheni chache tu, na mwenye gari anataka RFA yake na nyinginezo zote. Anafungiwa ekspanda ya FM, kifaa kinachoshusha masafa ya stesheni zetu hadi redio ya Kijapani iyashike, au anang'oa redio nzima na kuweka kioo cha Android. Vyote viwili ni sawa vikifungwa vizuri.

Tunapofungua dashibodi, tunachokuta ni hiki: waya wa njano na waya mwekundu wa redio vimesokotwa pamoja na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Wa njano ni wa umeme wa kudumu, kazi yake ni kutunza kumbukumbu tu. Mwekundu unatakiwa kupata umeme pale swichi inapowekwa ACC, ndiyo unaoiambia redio "amka". Vikiunganishwa pamoja redio inaimba hata swichi ikiwa imezimwa, mteja anafurahi, lakini redio hiyo hailali tena. Kioo kinaonekana cheusi, ndani inakesha. Wakati mwingine waya wa bluu wa amplifaya nao umeunganishwa hapohapo, na amplifaya ya buti inabaki na uvuguvugu usiku kucha. Ukiweka kiganja juu yake asubuhi utausikia.

Haibridi nzima ikifungwa na kompyuta zikalala, inatakiwa ivute chini ya miliampea 50 au karibu na hapo. Redio iliyofungwa hivyo ikivuta miliampea 300, hiyo ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Betri mpya ya 45 inakwisha ndani ya wiki. Ukinunua nyingine, nayo itakwisha ndani ya wiki, na muuza betri atafurahi kukuona tena.

Ndiyo maana sisi hatuuzi betri kabla ya kupima. Tunafunga gari, rimoti inawekwa mbali, tunasubiri nusu saa au zaidi kompyuta zilale, kisha tunabana mita kwenye waya wa hasi. Namba ikiwa kubwa hatukimbilii kuchomoa fyuzi, maana kuchomoa na kurudisha kunaamsha kompyuta na kipimo kinaharibika. Tunaweka ncha mbili za mita juu ya mgongo wa kila fyuzi ikiwa mahali pake. Inayoonyesha milivolti ndiyo inayopitisha umeme. Tunaufuata waya wake hadi mwisho. Mteja anakaribishwa kusimama pembeni aione namba kwa macho yake.

Betri yenyewe ikiwa kweli imechoka, tunasisitiza aina. Kwenye Prius nyingi betri ndogo iko buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Iko ndani mnamokaa watu. Kwa hiyo kiwandani wanaweka betri iliyozibwa, yenye kibomba cha kutolea hewa nje ya gari. Betri ya kawaida ya maji ikipata chaji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche, pamoja na mvuke wa asidi. Tumewahi kuzikuta zimewekwa chini ya kiti wanapokaa watoto wa shule, bila kibomba, vichwa vyake vinene vimelazimishwa kwa nyundo kwenye klipu nyembamba za Kijapani. Tafadhali, usikubali kufanyiwa hivyo kwa sababu ya unafuu wa bei.

Gari likikuzimikia njiani, kwanza usiite vijana kusukuma. Haibridi haiwaki kwa kusukumwa. Mlango unafunguliwa kwa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Kwenye Prius za toleo la tatu buti linafunguka kwa umeme, kwa hiyo usihangaike nalo: fungua boneti, ndani ya boksi la fyuzi kuna kifuniko chekundu cha kuungia chanya, na hasi unaibana kwenye chuma cha bodi. Hakuna stata kubwa ya kuzungusha, maana injini inawashwa na betri kubwa. Kinachohitajika ni umeme kidogo wa kuamsha kompyuta na kufunga zile rilei, na mara nyingi hata betri ya volti 12 ya bodaboda iliyojaa inatosha. Hakikisha chanya na hasi mara mbili kabla hujagusisha. Ukizigeuza unaunguza fyuzi kuu na pengine DC-DC yenyewe, na hapo ndipo gharama inapoanza. Na ukiombwa kuishtua Fuso au Land Cruiser ya dizeli kwa haibridi yako, kataa kwa upole. Stata ya gari hilo inavuta mamia ya ampea, na DC-DC yako haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Likishawaka, liache READY saa moja au mbili, usilizime ukifika tu nyumbani.

Ukitaka tulipime, lilete asubuhi na uwe tayari kuliacha hadi mchana, kwa sababu ule muda wa kompyuta kulala haufupishwi. Njoo na rimoti zote. Usichomoe waya wa betri kabla ya kuja, hata kama jirani amekushauri, maana ukichomoa, kinachonyonya kinaweza kujiseti upya na tukakosa kukiona. Na kama kuna redio, kamera, traka ya GPS au amplifaya iliyofungwa baada ya gari kufika nchini, tuambie mapema, hata kama hukumbuki aliyeifunga.